Jicho la Mtoto si Mali ya Baba Kusamehe

Kuna maneno ambayo katika jamii yetu hutamkwa haraka mno mara tu mtu anapojeruhiwa na fataki, baruti au mlipuko wa namna yoyote. Maneno yenyewe ni haya: "Ni ajali tu, ndugu zangu, tumshukuru Mungu." Hutamkwa na wazee, hutamkwa na majirani, na aghalabu wa kwanza kuyatamka ni yule yule aliyewasha utambi. Kisha hukusanywa kiasi cha fedha kinachoitwa mkono wa pole, baba wa majeruhi hutiwa mkononi, naye kwa haya na kwa kutaka kulinda ujirani husema amesamehe. Dua husomwa, watu hutawanyika, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Mtoto aliyepoteza jicho hakuulizwa neno.

Tunakusudia leo kulitazama jambo hili kwa upande wa sheria ya nchi na kwa upande wa fikihi, na tunawalenga zaidi ndugu zetu wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi. Si kwamba wao ni wazembe kuliko wengine. Ni kwamba mji wao una hali ya peke yake, ambayo inajionesha hata katika neno lenyewe.

Neno fataki lina maana mbili, na Mpanda ni miongoni mwa miji michache ambamo maana zote mbili zinaishi mtaa mmoja. Kwa mwenye harusi, fataki ni zile cheche na vimulimuli vya rangi vinavyorushwa bibi na bwana harusi wanapoingia ukumbini, au vinavyopasuka angani usiku wa kuamkia mwaka mpya na siku za Idd. Kwa mchimbaji wa dhahabu, fataki ni kile kijibomba kidogo cha madini, chembamba kama kalamu, kinachochomekwa kwenye baruti ili kuiamsha ilipue mwamba. (Ipo pia maana ya tatu, ya mwanaume mtu mzima anayewanyemelea mabinti wa shule, iliyoenezwa na matangazo ya redio mwishoni mwa miaka ya 2000. Hiyo tuiache kwa leo, ingawa nayo ina majeruhi wake.)

Mpanda ni mji uliolelewa na madini. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilifika hapo mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Risasi ilikwisha kuwa habari ya zamani, ikabaki dhahabu, na wachimbaji wadogo wakatapakaa katika vilima vinavyouzunguka mji. Baruti imekuwa zana ya kazi huko kama jembe lilivyo zana ya mkulima wa Mwese au Mpimbwe. Na watu wameongezeka sana: sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule Katavi ilipotangazwa kuwa mkoa, ilihesabu wakazi 564,604, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Idadi imezidi mara mbili ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni watoto.

Basi tuwatazame watoto hao na vitu hivyo viwili. Kijiti cha cheche ambacho mzazi humpa mtoto wa miaka mitano akipunge siku ya sikukuu huwaka kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Sentigredi. Maji ya chai, ambayo hakuna mama atakayemkabidhi mtoto huyo sufuria lake, huchemka kwa nyuzi 100. Ama fataki ya mgodini, ndani yake mna kemikali inayolipuka kwa kugongwa, kwa kukwaruzwa au kwa kupata moto, na moja tu inatosha kukata vidole na kurusha vipande vya madini usoni. Tena hung'aa. Mtoto akiiokota penye kifusi au akiikuta mfukoni mwa suruali ya kazi ya kaka yake, hatadhani kuwa ameshika mauti. Atadhani amepata kitu cha kuchezea, au kipande cha kumuuzia mnunuzi wa chuma chakavu. Tusisahau yaliyotokea Ngara, mkoani Kagera, tarehe 8 Novemba 2017, pale bomu lilipolipuka katika Shule ya Msingi Kihinga na kuua wanafunzi watano. Lile lilikuwa bomu la vita, si la mgodini, lakini udadisi wa mtoto mbele ya kipande cha chuma ni ule ule.

Je, madhara kama haya yakitokea, ni nani anayewajibika? Hili ndilo swali ambalo ile kauli ya "ni ajali tu" hulizima kabla halijaulizwa.

Sheria yetu ya madhara, yaani ile inayomruhusu aliyeumizwa kumdai aliyemuumiza, kwa sehemu kubwa haikuandikwa na Bunge. Tuliirithi kutoka Uingereza, kwa amri iliyoweka tarehe 22 Julai 1920 kuwa ndiyo mpaka wa urithi huo. Na katika urithi huo imo kesi moja ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mapema sana katika masomo yao, nayo, kwa sadfa ya ajabu, ni kesi ya fataki na jicho.

Jioni ya tarehe 28 Oktoba 1770, siku ya mnada katika mji mdogo wa Milborne Port, kusini magharibi mwa Uingereza, kijana aitwaye Shepherd alirusha fataki iliyowashwa ndani ya soko lililoezekwa, lililojaa watu. Ikaangukia meza ya muuza mikate ya tangawizi, Yates. Mtu mmoja aitwaye Willis, akihofia nafsi yake na bidhaa za Yates, akaidaka na kuitupa mbali. Ikaangukia meza ya mwingine, Ryal, naye akaitupa vilevile. Hatimaye ikampiga Scott usoni, ikapasuka, ikamtoa jicho moja. Scott akamshitaki Shepherd. Wakili wa Shepherd akasema: mteja wangu hakumrushia Scott kitu, aliyemrushia ni Ryal. Mwaka 1773 majaji walio wengi wakalikataa hilo. Wakasema kwamba Willis na Ryal walitenda kama atendavyo mtu yeyote anayejinusuru na moto, na kwamba aliyeianzisha safari ya fataki ile ndiye mwenye kubeba mwisho wake. Jaji mmoja mashuhuri, Blackstone, alipinga, lakini alibaki peke yake.

Msomaji aizingatie vyema hukumu hiyo, kwani inajibu utetezi unaosikika mara kwa mara katika mitaa yetu. Kijana wa Makanyagio atasema: mimi niliitupa barabarani tu, bodaboda ndiye aliyeikanyaga ikarukia dukani. Sheria humuuliza: nani aliyewasha? Kijana wa Kashaulili atasema: sikumkusudia mtoto yule. Sheria humjibu kuwa haikuuliza alimkusudia nani. Inauliza kama mtu mwenye akili timamu angeweza kuona mapema kuwa kitu kinachopasuka kikitupwa penye watu kitaumiza mtu.

Kadhalika zipo shughuli ambazo kwa asili yake ni za hatari, na sheria hiyo hiyo ya kurithi, tangu kesi ya Rylands na Fletcher iliyoamuliwa mwaka 1868, imeshikilia kwamba mwenye kukusanya katika ardhi yake kitu cha hatari kisichokuwa cha kawaida mahali pale, kikaponyoka na kuharibu kwa jirani, hujibu kwa uharibifu huo hata kama hakuzembea. Mwenye stoo ya baruti alizingatie hilo.

Upo pia upande wa jinai. Kumiliki, kuhifadhi na kutumia baruti bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, Sura ya 45, na vibali hivyo kwa wachimbaji hupitia Tume ya Madini na maafisa wake wa mikoa. Jeshi la Polisi nalo kila ufikapo mkesha wa mwaka mpya hukumbusha kuwa fataki hazipigwi ovyo bila kibali. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 233, humtia hatiani anayetumia moto au kitu chenye kuwaka kwa uzembe unaohatarisha maisha ya mtu. Lakini hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya mkosaji. Akifungwa au akitozwa faini, hilo halimaanishi kuwa aliyepoteza vidole amelipwa. Madai ya fidia ni njia nyingine, yenye mizani yake: katika jinai lazima kosa lithibitishwe pasi na kuacha shaka ya maana, ilhali katika madai inatosha kuonesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ndivyo lilivyotokea. Kwa hiyo hata mtuhumiwa akiachiwa huru katika kesi ya jinai, mlango wa madai haujafungwa. Na kibali nacho si kinga. Mwenye kibali cha kurusha fataki ameruhusiwa kurusha. Hakuruhusiwa kumtoa mtu jicho.

Wapo watakaosema: haya ni mambo ya Waingereza, sisi tuna dini yetu inayotufundisha subira na kadari. Naam, na tuitazame dini.

Mafaqihi wa Kiislamu walilijadili suala hili karne nyingi kabla ya mnada wa Milborne Port, nao walimgawa mwenye kusababisha madhara katika mafungu mawili. Wa kwanza walimwita mubashir, yaani yule aliyeufanya uharibifu kwa tendo lake moja kwa moja. Wa pili walimwita mutasabbib, yaani yule aliyetengeneza sababu, uharibifu ukafuatia. Kanuni iliyokuja kuandikwa katika Majalla, ule mkusanyiko wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliokamilika katika miaka ya 1870, ni kwamba mubashir hulipa hata kama hakukusudia, na mutasabbib hulipa iwapo alivuka mpaka. Aliyeirusha fataki ikampiga mtu ni mubashir. Hana pa kujificha nyuma ya nia njema, kwani nia njema inamwondolea dhambi lakini haimwondolei deni. Na duka lililomuuzia mtoto wa darasa la tatu boksi zima la baruti za Kichina, au mgodi uliotupa fataki zilizogoma kulipuka penye kifusi ambapo watoto hupita kwenda shule, tunauliza, je, hao hawakuvuka mpaka?

Tena wanazuoni wameziweka haki katika mafungu mawili ambayo kila aliyepita chuoni anayajua: haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Haki ya Mungu, mja akitubia, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe asamehe au alipwe. Mwenyewe. Hapa ndipo tunapotaka kusimama kwa muda, kwa sababu ndiyo shina la tahariri hii.

Mtoto wa miaka minane akitolewa jicho, mwenye haki ni nani? Si baba yake. Baba ni walii, na walii katika fikihi ni mlinzi wa mali na maslahi ya mtoto, si mmiliki. Hawezi kukigawa kiwanja cha yatima aliye chini yake kwa sababu anaona haya kwa jirani. Hawezi kumpa rafiki yake mbuzi wa mwanawe aliyemrithi kwa bibi yake, kisha akasema amefanya hisani. Ikiwa mbuzi hawezi kumtoa bure, ataweza vipi kulitoa jicho? Samahani ni tukufu, nasi hatusemi kinyume chake, lakini utukufu wake ni kwa yule anayesamehe kilicho chake. Anayesamehe cha mwingine amekitapanya.

Na sheria ya nchi inakwenda njia hiyo hiyo. Shauri la mtoto likishafika mahakamani, anayemwakilisha hana ruhusa ya kulimaliza kwa mapatano mpaka mahakama ikubali kwamba mapatano hayo yana maslahi kwa mtoto. Walioitunga kanuni hiyo walijua kuwa mzazi anaweza kushawishiwa, kutishwa, au kuwa na shida ya fedha siku ile.

Tukitaka kujua mafaqihi walilichukulia jicho kwa uzito gani, tutazame viwango vya diya. Diya ya mtu mzima mzima ni ngamia mia moja. Ya jicho moja ni nusu yake, ngamia hamsini. Ya kidole kimoja ni ngamia kumi, kiwe kidole gumba au kidole cha mwisho. Mahakama zetu hazihukumu kwa ngamia. Sheria ya Kiislamu hapa nchini inatumika katika ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, si katika majeraha. Lakini Mwislamu anayejua kuwa dini yake ilikadiria kidole cha mwisho kwa ngamia kumi, kisha akaona ni sawa mtoto aliyepoteza vidole vitatu apelekewe mchele kilo ishirini na bahasha, huyo amesahau kuisoma dini yenyewe anayoitolea hoja.

Mkono wa pole unatolewa siku ya tatu au ya nne. Siku hiyo hakuna anayejua ukubwa wa madhara. Jicho lililotobolewa huweza, kwa nadra lakini kweli, kusababisha uvimbe katika jicho la pili lililokuwa zima, wiki au miezi kadhaa baadaye, na ndiyo maana wakati mwingine madaktari huamua kuliondoa kabisa lile lililoharibika ili kulinusuru lililobaki. Jicho la bandia la mtoto hubadilishwa kila anapokua, kwa kuwa tundu la jicho nalo linakua. Mgonjwa wa namna hii akihitaji mabingwa wa ngazi ya kanda, safari ni ya Mbeya au Bugando, Mwanza. Nauli, chakula na malazi ya mama anayemsindikiza, siku za kazi zilizopotea, darasa alilorudia. Kisha miaka hamsini ya kuishi kwa jicho moja, na kazi ambazo hataajiriwa. Bahasha ya siku ya tatu ilizihesabu zipi kati ya hizi?

Tusidhani kwamba mwenye kuwasha utambi ndiye mhusika pekee. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, katika jengo la Freedom City, kandokando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, watu waliitwa watoke nje kuangalia fataki za mwaka mpya. Zilipokwisha, umati ukarudi ndani kwa pamoja kupitia njia nyembamba. Watu wasiopungua tisa walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa, na wengi wao walikuwa vijana na watoto. Fataki zenyewe hazikumgusa hata mmoja wao. Hata hivyo polisi wa Uganda hawakusema ni ajali ya Mungu. Walifungua jalada la uzembe na mwandaaji wa tamasha akafikishwa mahakamani, kwa sababu anayekusanya watu anawajibika kujua watatokea wapi. Wenye kumbi za harusi za Mpanda, zenye mlango mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma uliofungwa kwa kufuli kuzuia wazamiaji, waisome habari hiyo mara mbili.

Na Serikali je? Hatuwezi kulizungumza jambo la milipuko na fidia katika nchi hii tukaipita Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka, na tarehe 16 Februari 2011 likafuata la Gongo la Mboto. Kila tukio liliua zaidi ya watu ishirini, na nyumba zisizo na idadi ndogo zilibomoka. Serikali ilitoa malipo, lakini kwa miaka mingi baadaye waathirika waliendelea kulalamika kuwa kilichotolewa kilikuwa kifuta machozi na si fidia. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Kifuta machozi hutolewa na mwenye huruma, kwa kiasi anachotaka, wakati anaotaka. Fidia hudaiwa na mwenye haki, kwa kiasi cha hasara yake. Anayetaka kuidai Serikali au halmashauri ajue kwamba sheria inamtaka kwanza atoe notisi ya siku 90, na kwamba shauri lenyewe hupelekwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa. Wengi wameanguka penye hatua hiyo ya kwanza.

Kwa mfanyakazi wa mgodini ipo njia nyingine, nyepesi zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kutokana na sheria ya mwaka 2008, humlipa mwajiriwa aliyeumia kazini bila kumtaka athibitishe uzembe wa mwajiri. Sharti ni kuwa awe mwajiriwa. Mgumu wa jambo uko hapo: kijana anayeshuka duarani kwa makubaliano ya kugawana mifuko ya mawe, asiye na mkataba wala jina katika daftari la mtu yeyote, mmiliki wa leseni atasema hamjui. Vijana wa Katavi wanaoingia katika kazi hii, na wazazi wanaowaruhusu, wadai karatasi kabla ya kudai koleo. Na mlipuaji awe na cheti cha kazi hiyo. Si kila mwenye moyo wa ujasiri ni mlipuaji.

Likitokea la kutokea, majeruhi afikishwe hospitali kwanza. Jicho lililotobolewa lisisuguliwe wala lisikandamizwe. Lifunikwe kwa kitu kama kikombe kisafi cha plastiki kisichogusa jicho, na safari ianze. Fomu ya polisi, ile PF3, ichukuliwe siku hiyo hiyo. Mabaki ya fataki, boksi lake, lebo yake, visiokotwe na kuchomwa takataka, bali vikabidhiwe polisi. Kama ni fataki ya mgodini, asiiguse mtu, polisi waitwe pale ilipo. Majina ya walioona yaandikwe kabla hawajahama, maana Mpanda ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka, na shahidi wa leo mwezi ujao yuko Chunya au Geita. Kila risiti ya dawa, kila tiketi ya basi, itiwe katika bahasha moja. Wasiojua pa kuanzia wawatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hatusemi kwamba kila jirani aburuzwe mahakamani. Suluhu ni jambo jema na Uislamu umeipenda. Lakini suluhu ina masharti: ifanyike baada ya daktari kusema madhara yamefikia wapi, si siku ya tatu. Iandikwe, isomwe mbele ya mashahidi, na fedha ziwekwe kwa jina la mtoto, si mfukoni mwa baba wala kwa mjomba anayejenga. Na mahali ambapo aliyerusha naye ni mtoto, suluhu ya namna hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa mzazi hawajibiki moja kwa moja kwa kila tendo la mwanawe, ingawa aliyemnunulia fataki na kumwacha nazo barabarani anajibu kwa uzembe wake mwenyewe. Fikihi nayo inasema mtoto hana dhambi, lakini alichokiharibu hulipwa kutoka katika mali yake. Wazee wa misikiti ya Mpanda, ambao ndio huitwa kusuluhisha, wana nafasi ya kuyasimamia haya kuliko hakimu yeyote. Tunawaomba wasifunge kikao kwa dua kabla ya kuuliza: mwenye jicho atapata nini?

Ama wale waliokwisha kupokea bahasha miaka ya nyuma na kusema wamesamehe kwa niaba ya watoto wao, si lazima hilo liwe ndiyo mwisho. Madai ya madhara kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, lakini kwa mtoto muda huo hauanzi kuhesabiwa mpaka atakapotimiza umri wa miaka kumi na minane. Aliyejeruhiwa leo akiwa na miaka minane anayo nafasi ya kusimama mahakamani kwa jina lake mwenyewe hadi atakapotimiza miaka ishirini na mmoja, na siku hiyo atamuuliza baba yake iko wapi kadi ya hospitali, iko wapi PF3, na nani walikuwepo.